Kidonge cha damu na nyota zilizokufa

Dada yangu ana mimba ya miezi sita. Mapema mwezi huu alipimwa wingi wa damu kliniki, kipimo kikasoma 9.4, wakati mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Nesi akamwuliza kama anameza vidonge vya kuongeza damu. Akasema ndiyo. Aliyemchongea ni binti yake wa miaka 8, jioni hiyo hiyo, mbele yangu: "Mama mdogo, mama anavificha kwenye droo."

Sikumlaumu sana. Vidonge vile vinamtia kichefuchefu, na choo kinatoka cheusi, jambo linalowatisha wengi ingawa ni la kawaida. Ila kwenye droo, hapana. Chuma kingi kwa mkupuo kinaweza kumuua mtoto mdogo, na kwa macho yake kidonge ni pipi. Tukavihamishia juu ya kabati.

Umeme ulikuwa umekatika, tukatandika mkeka barazani. Mtoto akarudi na hoja yake. "Kwa nini mama ale chuma? Chuma si cha misumari?"

Nikamjibu kama ninavyoandika kila siku: damu hutumia chuma kubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu, na mtoto aliye tumboni anachota humo humo. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu mwili mzima, kama msumari mdogo mmoja.

"Na chuma kinatoka wapi?"

Kwenye nyama, maharage, mchicha. Mchicha unakitoa udongoni.

"Na udongo?"

Hapo ningeweza kumwambia akalale, kama wengi wetu tulivyoambiwa. Nikamwonyesha juu.

Mwezi wa kwanza saa mbili usiku, Kilimia kinakuwa juu upande wa kaskazini, kile kikundi cha nyota ambacho wazee walikitazama kujua majira ya kulima. Hizo ni nyota changa, zina kama miaka milioni 100. Jua letu nalo ni nyota, ya umri wa kati, miaka bilioni 4.6. Ndani yake kuna joto la kama nyuzi milioni 15, na humo haidrojeni hugeuka heliamu. Huo ndio mkaa wake.

Ukisogeza macho mbali zaidi mashariki ya Kilimia utaona nyota moja yenye wekundu. Wataalamu huiita Betelgeuse. Hiyo inakaribia mwisho wa maisha yake. Nyota kubwa ni kama jiko lililojazwa mkaa na kupepewa kwa nguvu: linawaka sana, linaisha upesi. Haidrojeni ikiisha, inachoma heliamu na kupata kaboni na oksijeni, kisha vitu vizito zaidi, mpaka inafika kwenye chuma. Chuma hakichomeki. Moto unakosa kitu cha kuushikilia, kiini cha nyota kinajikunja chini ya sekunde moja, kisha nyota inalipuka. Katika mlipuko huo chuma kingine hutengenezwa na kurushwa angani. Kingine kingi hutokana na masalia ya nyota ndogo, ambayo nayo yanaweza kulipuka yakinyonya nyota jirani. Vumbi hilo lilichanganyika na mawingu ya hewa, na katika wingu mojawapo likazaliwa Jua, na Dunia, na udongo wa mchicha.

Mwaka 1957 wanasayansi wanne, mmoja wao mwanamke, Margaret Burbidge, waliandika kwa kina jinsi nyota zinavyopika vitu hivi. Sikufundishwa hayo shuleni. Niliyasoma mwenyewe baadaye, na nilikasirika kidogo kwamba nilikariri jedwali zima la elementi bila mtu kuniambia zilikotoka.

"Kwa hiyo mama anakula nyota?"

Dada akacheka, mara ya kwanza siku ile.

Kisha likaja swali nililoliogopa: "Jua nalo litakufa?" Mzazi, usidanganye hapo. Nikamwambia ndiyo, litavimba, liwe jekundu, kisha libaki kaa dogo lenye ukubwa kama wa Dunia. Lakini bado miaka kama bilioni 5. Akataka kujua bilioni ni nyingi kiasi gani. Nikamwambia, ukihesabu sekunde moja moja bila kulala, bilioni moja itakuchukua miaka zaidi ya 30. Akaanza kuhesabu. Hakufika mia.

Kesho yake dada alimpigia nesi akamweleza ukweli. Akashauriwa ameze kidonge usiku baada ya kula, na chungwa au maji ya limau, na chai aitenge kabisa na muda huo kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Kichefuchefu kimepungua, hakijaisha.

Vidonge anavishusha mwenyewe. Binti yake analeta maji, anasimama pembeni mpaka amemeza. Kliniki nyingine ni Alhamisi ijayo.