Pima mkono wako kabla ya kununua fimbo

Nafundisha gofu Dar es Salaam, na kinachoniuma ni kumwona mchezaji wa handikapu 15 akitoa kwenye begi fimbo za chuma nyembamba, kwa sababu tu mabingwa wa kwenye televisheni wanazitumia.

Fimbo hizo hazisamehe. Gonga mpira kidogo kuelekea ncha, vidole vinaingia ganzi na mpira unaanguka kabla ya grini. Mchezaji wa kati anahitaji kichwa kilichochimbwa mgongoni, uzito ukipelekwa pembeni. Karsten Solheim wa Ping aliueneza ubunifu huo tangu miaka ya 1960.

Umbali nao usikulevye. Namba 7 ya zamani ilikuwa na mlalo wa nyuzi 34 hivi. Nyingi za leo zina 30 au pungufu, ndiyo maana mpira unakwenda mbali zaidi. Muuzaji akijisifu, mwulize nyuzi, kisha tazama kama mpira unapanda na kutulia.

Ili kujua kama fimbo inasimama sawa na mwili wako, bandika tepu chini yake, upige mpira ukiwa juu ya ubao. Alama ikikaa upande wa kisigino, fimbo imesimama mno na mpira wa mtu wa mkono wa kulia utavutwa kushoto. Hilo hurekebishika kwa fundi.

Seti iliyotumika, namba 5 hadi pichi weji, iliyopimwa kwa mwili wako, inaishinda mpya ya bei kubwa. Vilabu vyetu navyo viweke fimbo za kujaribia, watu wachague kwa mikono yao.