Haki Isipimwe kwa Ukubwa wa Kampuni

Kiwanda kikubwa cha Nairobi kwa kawaida hulipa vizuri kuliko karakana ya jua kali ya Kamukunji. Sababu si mtaji pekee. Wafanyakazi mia tatu hujadiliana na mwajiri kupitia chama chao. Wanne wa karakana humkabili tajiri mmoja mmoja, mara nyingi bila mkataba. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 haiulizi mko wangapi: aliyetimiza mwaka kazini anastahili likizo ya siku 21 za kazi, yenye malipo. Kwa hiyo twadai wakaguzi wa kazi wafike karakanani, na vyama vya wafanyakazi viwaandikishe mafundi wake. Haki ya mnyonge haingoji kampuni ikue.