VIJANA WETU WAFUNZWE KUTUA

Sisi wa Mbulu na Hanang twajivunia miguu yetu, na twajivunia kwa haki. Mwaka 1968 John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico huku mguu umefungwa bendeji. Mwaka 1978 Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton. Lakini kwa neno letu la leo mwalimu wetu ni Filbert Bayi wa Karatu, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Moscow, mwaka 1980, alipata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Mbio hizo zina viunzi 28 na maji mara 7. Basi mtu huruka mara 35, na mara 35 lazima atue salama.

Kuruka twakujua. Kijana wa Kibarabaig huruka ngomani bila kufundishwa na mwalimu wa michezo. Kutua ndiko tunakokudharau.

Siku ya sherehe watoto wa shule hupiga sarakasi na vichwangomba juu ya uwanja mgumu kama saruji. Wakubwa hupiga makofi, kesho yake mtoto achechemea. Je, haya ni maendeleo? Atuaye kutoka juu hupokea mzigo uliozidi uzito wake mara nyingi. Kwa mabingwa wa vichwangomba vikubwa huweza kupita mara kumi. Misuli ya mapaja, makalio na mashavu ya miguu ikiwa na nguvu, yenyewe ndiyo hubeba. Ikiwa dhaifu, mzigo huangukia kano za goti na kifundo, na goti likikatika kano halirudi upesi.

Kwa hiyo twasema: vichwangomba vingoje. Mtoto aanze kwa kuchuchumaa na kuinuka, kisha ashuke polepole kwa mguu mmoja. Akishaweza, aruke kutoka juu ya benchi fupi na kutua kimya: vidole vitangulie, kisigino kifuate, magoti yakunjike na kuelekea mbele. Mwalimu asikie kishindo, amrudishe nyuma. Magoti ya wasichana huelekea kuingia ndani zaidi. Hilo ni la kusahihishwa, wala si sababu ya kuwaweka kando. Mwisho ndipo aje yule wa kutua na kuruka tena papo hapo, zoezi litoalo mruko mkali. Siku mbili kwa juma zatosha, na mapumziko kati yake.

Wako watakaosema sarakasi ni upuuzi. Taifa hili miaka ya 1960 lilipeleka vijana China kujifunza sarakasi. Wengine watalia fedha. Makorongo yetu yamejaa mchanga, na mashamba ya Hanang hutoa mabua ya ngano ya kujaza magunia yakawa magodoro. Kamati za shule zilizochangisha fedha za jezi zichimbe shimo moja la mchanga kila shule kabla ya masika, na mtoto yeyote asiruke nje ya shimo hilo mpaka ajue kutua.