Mguu wa sanamu na usalama wa mguu wako

Mkanda na mfuko wa hewa vimeokoa vichwa na vifua vya watu wengi. Hata hivyo, wapo wanaonusurika ajali kisha wakabaki wakichechemea kwa sababu kifundo cha mguu kilivunjika. Mama asiyeweza kusimama jikoni au baba asiyeweza kupanda ngazi ni mzigo unaobebwa na nyumba nzima.

Wahandisi hupima usalama wa gari kwa kuligongesha ukutani likiwa na sanamu lenye umbo la mtu. Sanamu lililotumika kwa miaka mingi, Hybrid III, lilitengenezwa na kampuni ya General Motors mwaka 1976, likiwa na uzito wa kilo 78 hivi. Lilipima vizuri kichwa na kifua, lakini mguu wake ulikuwa mgumu kuliko wa mtu, na kifundo chake hakikufuata sawasawa mwendo wa kifundo cha binadamu.

Ndipo mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ikaendeleza mguu mwingine, Thor-Lx. Kifundo chake hukunjika juu na chini, hulala ndani na nje, na huzunguka. Nyuma yake pana waya unaofanya kazi ya kano ya kisigino. Waya huo una sababu: dereva anapokanyaga breki kwa hofu, kano hukaza na kuuongezea mfupa wa muundi mgandamizo. Ndani ya muundi huo kuna kipande cha mpira kinachobonyea, na vipimo hurekodi nguvu na pembe ya kila mwendo. Upo pia mguu wa saizi ya mwanamke mfupi, kwani dereva mfupi hukaa karibu zaidi na pedali.

Mzazi hana maabara, lakini ana la kufanya:

• Vaa viatu vinavyoshika mguu. Ndala huteleza na kunasa kwenye pedali.

• Usiache chupa wala midoli sakafuni upande wa dereva.

• Sogeza kiti hadi ukanyage breki yote goti likiwa limekunjika kidogo, bila kuusogelea mno usukani.

• Usimruhusu yeyote kuweka miguu juu ya dashibodi. Mfuko wa hewa ukifumuka, huirusha miguu hiyo kuelekea usoni.

• Watoto wakae nyuma, wamefungwa mkanda au kiti kinachowafaa.