Baba apewe na siku ya nne

Siku ya tatu baada ya kujifungua ndipo maziwa yanapoingia. Ile dang'a ya njano aliyoinyonya mtoto tangu saa ya kwanza inafuatwa na maziwa yenyewe, na matiti yanajaa, yanauma, yanakuwa magumu hata mtoto anashindwa kukamata chuchu. Siku hiyo au kesho yake macho ya mtoto yanaweza kuanza kugeuka njano, na inatakiwa mtu aliyetulia amtoe kwenye mwanga wa mchana, amtazame viganja na nyayo, aamue kama ni ile manjano ya kawaida ya watoto wachanga au ni ya kukimbiliwa kituo cha afya. Siku hizo hizo mama analia. Analia asijue kwa nini, mbele ya bakuli la mtori aliouomba mwenyewe, na akiulizwa anasema hana kitu.

Kisha asubuhi ya siku ya nne baba anavaa viatu na kwenda kazini, kwa sababu likizo yake imekwisha.

Nimefanya kazi ya uuguzi mkoani Tanga, sehemu kubwa ya maisha yangu katika kliniki ya mama na mtoto: kupima uzito, kujaza kadi, kutoa chanjo za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, na ile ya surua na rubela mtoto akifika miezi tisa. Sasa nimestaafu. Kazi iliyobaki ni ya bibi. Binti akijifungua napanda basi na kapu langu la unga wa ulezi, tangawizi na kanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa. Safari hii nimekuja Kimara, Dar es Salaam, kwa binti yangu wa pili, aliyejifungua mtoto wa tatu. Mengi ya haya niliyajua tangu kliniki, lakini kule mama huja na mtoto wake, anapimwa, anaondoka. Hapa nimekaa ndani ya vyumba viwili pamoja na mtoto mchanga, wa miaka miwili na wa miaka mitano, nikaona jinsi siku inavyokwenda kutoka alfajiri hadi usiku, na nimeona niyaseme hadharani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Hairuhusu arudi kazini kabla ya wiki sita kupita, ila daktari akithibitisha kwamba anaweza. Akisharudi, mwajiri anatakiwa kumruhusu hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Ni sheria nzuri, na nimewaona wanawake wengi walionyonyesha vizuri kwa sababu yake. Baba, katika sheria hiyo hiyo, anapewa angalau siku tatu zenye malipo, kwa sharti kwamba azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mwajiri mwenye huruma anaweza kuongeza. Wengi wanaishia kwenye hizo tatu.

Zihesabu hizo siku pamoja nami. Mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida, Shirika la Afya Duniani linashauri akae kituoni kwa uangalizi angalau saa 24. Aliyepasuliwa hukaa siku mbili, tatu au zaidi. Mume wa huyu aliyepasuliwa likizo yake inaishia kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi, akifuatilia dawa, akipeleka chupa ya uji, akisubiri kuitwa. Siku ya kumleta mkewe nyumbani, mshono ukiwa bado mbichi, ndiyo siku anayotakiwa aripoti kazini. Tunamwambia mama huyo asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake mchanga. Tunamwambia hivyo mlangoni pa wodi, kwa sauti ya upole, na tunajua kwamba nyumbani kuna ndoo za maji na mtoto wa miaka miwili anayetaka kubebwa.

Huyu wa miaka miwili ndiye ninayemfikiria zaidi. Mchanga akishashiba na kukauka analala. Mahitaji yake ni mengi lakini yanajulikana. Mjukuu wangu wa miaka miwili alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, akaanza tena wiki ile ile mdogo wake alipoingia ndani. Anasubiri mama akae kunyonyesha, hapo ndipo anapotaka maji, anapotaka kwenda msalani, anapotaka apandishwe mapajani. Siku moja alimzaba mtoto kofi la kichwa na kisha akajificha nyuma ya pazia akilia kuliko aliyepigwa. Mama mtu akamwita kwa sauti ya juu, mchanga akaamka, wa miaka mitano akarudi kutoka chekechea na njaa yake na habari zake za mwalimu, na jikoni wali ukaungua. Hakuna aliyekosea hapo. Mikono ilikuwa michache tu.

Mimi nilikuwepo, ndiyo. Lakini mtoto wa miaka miwili hakumtaka bibi. Alimtaka mmoja wa wale wawili waliokuwa wake peke yake wiki iliyopita, na kwa kuwa mama ameshikwa, anayebaki ni baba. Baba yake anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi, na kazini kwake, kwenye bohari, wanafunga jioni. Anarudi saa mbili usiku. Mtoto anasinzia mlangoni akimsubiri. Siku ya Jumapili alipomwogesha yeye mwenyewe, akampaka mafuta, akamweka mabegani wakaenda dukani kununua mkate, mtoto yule alirudi akiwa mwingine. Alimsogelea mdogo wake akamshika kidole. Nimewaona watoto wengi katika kazi yangu, na sina dawa ninayoijua ya wivu wa mtoto mkubwa inayoshinda saa moja ya baba yake.

Jioni nayo ina mambo yake. Mtoto mchanga huanza kulia sana jioni kuanzia wiki ya pili au ya tatu, kilio kinazidi hadi kufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha kinapungua chenyewe. Nyumba nyingi husema ni chango, na hapo ndipo vinapoingia vijiko vya maji, vya dawa za mizizi, vya kila jirani anachokijua, kwa mtoto ambaye miezi sita yote hahitaji kingine ila maziwa ya mama. Sisemi kwamba jirani ana nia mbaya. Anampa dawa kwa sababu anaona mama amechoka na mtoto halali, na hakuna mtu mwingine wa kumpokea. Anayehitajika wakati huo ni mtu mwenye kifua na subira. Baba akimvua mtoto kanga, akamlaza kifuani pake ngozi kwa ngozi, akajifunika naye shuka na kutembea polepole uani, mtoto anapata joto lile lile tunalolitaka kwa watoto njiti wodini. Kifua cha mwanamume kinampasha mtoto joto vizuri kabisa. Na mama anapata dakika arobaini za kulala.

Hapa nina neno na mabibi wenzangu. Sisi ndio tunaokaa mlangoni pa chumba cha mzazi na kumwambia mkwe, "Wewe kapumzike, haya ni mambo ya wanawake." Najua heshima iliyopo kati ya mkwe na mama mkwe, na najua makabila ambayo mama mkwe hawezi hata kulala katika nyumba ya mkwewe. Heshima hiyo siitaki ivunjwe. Lakini arobaini ya zamani ilikuwa na wake wenza, mawifi, shangazi na mabinti wa jirani. Mmoja anachota maji, mmoja anapika, mmoja anamkanda mzazi, mmoja anacheza na watoto wakubwa. Kimara arobaini hiyo hiyo imebebwa na bibi mmoja mwenye magoti mabovu, na bibi huyo naye ana shamba na mgonjwa anayemngoja nyumbani. Nikiondoka, anabaki nani? Kama baba hakujifunza wakati mimi nipo, atajifunza lini? Ndiyo maana mkwe wangu akiingia jioni namwambia, "Baba, nawa mikono, mpokee mwenzio," na mimi natoka nje kuketi na watoto wakubwa ili asione haya mbele yangu.

(Na kwa kuwa nimetaja kumkanda mzazi: aliyepasuliwa msimkande tumbo kwa maji ya moto. Mshono ule unataka ukavu na usafi. Na kitovu cha mtoto msikipake majivu, mafuta wala kitu kingine chochote.)

Nimesikia wanaopinga. Wapo wanaosema wanaume wakipewa siku nyingi watazimalizia kijiweni. Wapo watakaofanya hivyo. Kliniki nimewaona wanaume wa kila aina, na nimewaona pia wale waliokuja na wake zao, wakakaa kwenye benchi lililojaa wanawake, wakauliza maswali kuhusu homa na kuhara ambayo mama mwenyewe alikuwa amesahau kuyauliza. Sheria haiwezi kumpa mtu upendo. Inachoweza ni kumwondolea mwenye upendo hofu ya kupoteza kazi, na wanaume hao ni wengi kuliko tunavyowasema.

Wapo waajiri wanaosema watu hawazai kwa ratiba, kazi itasimama. Mtoto anatangulia kutajwa miezi kadhaa kabla. Hakuna likizo inayopigiwa hodi mapema kuliko hii. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, baba hupata wiki mbili zenye malipo, na viwanda vya Nairobi na mahoteli ya Mombasa vinaendelea kufanya kazi. Uganda ni siku nne za kazi, ambazo bado ni chache, lakini hata hizo zimezidi zetu.

Na wapo watakaoniuliza, dereva wa bodaboda je, machinga je, mvuvi je? Hao hawana mwajiri wa kumwomba likizo, na Watanzania wengi ndiko waliko. Siwezi kudai kwamba sheria hii itawafikia. Ninachojua ni kwamba watu hutazama serikali inahesabu nini kuwa ni kazi. Tulipoanza kuwaita akina baba kliniki kupima pamoja na wake zao, mwanzoni walikuja wafanyakazi wa ofisini, wakacheka watu. Baadaye nilianza kuwaona wavuvi, wakiwa na harufu ya bahari, wamemshika mtoto mkubwa mkono wakati mke yuko ndani. Fundi aliyejiajiri akiona jirani yake mwenye ajira anakaa nyumbani wiki mbili na hakuna anayemwita mvivu, atapata ujasiri wa kufunga kibanda japo siku chache.

Sheria zinaweza kusogea, tumeziona. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yalimwongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti. Nilifurahi kupita kiasi, kwa kuwa nimewajua akina mama waliomaliza nusu ya likizo wodini, wakikamua maziwa kwenye kikombe kwa mtoto wa gramu 1,400, kisha wakarudi kazini na mtoto aliye mdogo bado. Mtu fulani aliisikia habari yao na kuibeba hadi bungeni. Baba wa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake, yeye amebaki na siku zake tatu.

Ninaloomba ni wiki mbili kamili, kama za wenzetu wa Kenya, na baba aachiwe azigawe: siku chache mtoto anapozaliwa, na nyingine ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, pale bibi atakapokuwa amerudi kwao na kilio cha jioni kimefika kileleni. Baba wa mtoto aliyelazwa asubiri mtoto atoke ndipo akae naye. Kwa hiyo lile sharti la siku saba liondoke kwanza. Kuongeza siku kunahitaji mazungumzo ya fedha kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, na mazungumzo hayo yatachukua muda wake. Kuondoa sharti hakumgharimu mwajiri hata senti moja, kwa sababu siku hizo tatu alikuwa azilipe vyovyote vile. Waheshimiwa wabunge wanaweza kuanza na hilo katika kikao kijacho.