Mambo ya Nyumbani: Paka Aliyekuja na Vipele

Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari ya paka, kwa kuwa nyumba nyingi zina paka asiyenunuliwa wala kuombwa. Amekuja mwenyewe, akakaa. Wa kwetu alikuja usiku mmoja wa masika, amelowa, mbavu zahesabika, akajikunyata karibu na mafiga yaliyokuwa bado na joto. Asubuhi watoto walikuwa wamekwisha kumpa maziwa na jina, nasi hatukuwa na la kusema.

Siku ya tatu binti yetu mdogo, aliyekuwa akimpapasa, akamwambia mama yake, "Mama, paka ana vipele." Tukatazama, tukaona ni kweli. Mgongoni palikuwa na vigaga vidogo vigumu kama punje za mtama. Shingoni uvimbe mmoja wa kadiri ya kunde. Tumboni vinundu vya safu mbili. Na ukingoni mwa sikio la kushoto manyoya yamepukutika.

Jirani yetu, mama mtu mzima ambaye twamwita Bibi, akasema, "Wanangu, huyo ana upele. Mpakeni mafuta ya taa, au mtupeni kabla hajawaambukiza watoto." Tukamshukuru, kwani hakusema kwa ubaya. Mafuta ya taa tuliyaogopa. Walakini tulikuwa na mkebe wa dawa ya unga ya viroboto, iliyonunuliwa kwa ajili ya mbwa, tukadhani ya kuwa ifaayo mbwa yafaa na paka. Bahati njema tulitaka kwanza kumwuliza bwana mifugo kipimo chake. Tukamtia paka kapuni, tukauchukua na mkebe, tukaenda.

Bwana mifugo aliusoma mkebe kabla ya kumtazama paka, akauweka mbali. Akatueleza ya kuwa ndani ya unga ule mna dawa iitwayo pamethrini, na ya kuwa mwili wa paka hauwezi kuivunja kama uwezavyo mwili wa mbwa. Paka akipakwa hutetemeka, hushikwa na kifafa, naye aweza kufa. Vivyo hivyo parasetamoli: kidonge kimoja tu cha miligramu 500 chaweza kumwua paka. Nayo mafuta ya taa huunguza ngozi, na kwa kuwa paka hujiramba mwili mzima, huyameza pia. Tuliposikia hayo tulinyamaza kimya, tukikumbuka ya kuwa mkebe ule ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Kisha akatufundisha kutazama, akianza na mgongo. Alilichana manyoya juu ya karatasi nyeupe, zikaanguka chembe nyeusi kama pilipili iliyosagwa. Akazidondoshea maji, nazo zikatoa rangi nyekundu ya kutu. "Huu ni uchafu wa viroboto," akasema, "nao ni damu waliyoinywa." Chembe zikibaki nyeusi ni vumbi tu. Kiroboto jike aweza kutaga hata mayai 50 kwa siku moja, nayo huanguka mikekani na nyufani; kwa hiyo kumtibu paka bila kuitibu nyumba ni kazi bure.

Ule uvimbe wa shingoni, tuliodhani ni chunjua, ulikuwa na miguu: alikuwa kupe aliyeshiba. Akamshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole moja kwa moja. Asichomwe moto wala asipakwe mafuta. Na vinundu vya tumboni? Bwana mifugo akacheka. Zilikuwa chuchu, ambazo paka wote wanazo, dume kwa jike.

Alipofika kwenye sikio hakucheka tena. Akauliza, "Nani hulala na paka huyu?" Binti yetu akautoa mkono wake nyuma ya mgongo, nasi tukaona juu ya kiwiko duara jekundu lenye magamba pembezoni. Lilikuwa choa. Choa si mdudu, bali ni namna ya ukungu uotao katika ngozi na manyoya. Hutoka kwa paka ukaingia kwa mtu, na watoto hushikwa upesi. Mtoto akalia, akidhani kwamba sasa paka atatupwa.

Hakutupwa. Mtoto alipelekwa zahanati, akapewa dawa ya kupaka. Paka aliwekwa katika chumba peke yake, akapewa dawa zilizopimwa kwa uzito wake. Mikeka na matandiko yakafuliwa kwa maji ya moto, yakaanikwa juani. Nyumba ikafagiliwa kila siku, kwani ukungu ule hukaa miezi mingi katika manyoya yaliyoanguka. Yalipita majuma sita kabla ya bwana mifugo kusema kwamba wamepona.

Basi, wasomaji wetu, mkiona vipele katika paka wenu, tazameni kwanza mahali vilipo na umbo lake. Vigaga vidogo mgongoni na shingoni, mara nyingi ni viroboto. Duara lisilo na manyoya, dhanini choa. Magamba mazito masikioni na usoni, naye ajikuna bila kupumzika, yaweza kuwa upele uletwao na utitiri. Uvimbe wa moto wenye maumivu, hasa kwa paka dume apiganaye, huenda ni jipu lililotokana na kuumwa, msilitumbue nyumbani. Na kinundu kisichoondoka, au kikuacho, kionyesheni kwa daktari wa mifugo. Macho huonyesha njia, lakini si daktari.

Nanyi mmshikapo paka mgeni, naweni mikono kwa sabuni. Akimwuma au kumparura mtu, osheni jeraha papo hapo kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha mwende hospitali siku ile ile. Kwani kichaa cha mbwa huwapata paka pia, nacho kikisha kuonyesha dalili kwa mtu, ni mauti. Kwa sababu hiyo paka wetu alichanjwa.

Jioni hii amelala karibu na mafiga, amenenepa. Bibi alipopita alimtazama sana, akauliza kama atazaa lini, maana angependa mtoto mmoja.