Tovuti za Kaunti na Haki ya Mwananchi Kushiriki: Je, Lugha ni Kizingiti?

Tangu serikali za kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013, nyingi zimejitahidi kufungua tovuti. Hilo ni jambo la kupongezwa. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaja tovuti, pamoja na redio za kijamii na mikutano ya hadhara, kuwa njia za kumfikishia mwananchi habari. Swali ni je, habari hizo humfikia kweli?

Mama yangu huuza mboga sokoni. Siku moja alinipigia simu akitaka kujua iwapo ada ya kibanda chake ingepanda. Nilifungua tovuti ya kaunti yetu nikaupata Mswada wa Fedha: makumi ya kurasa, zote kwa Kiingereza cha mawakili. Ada ya soko ilikuwa imejificha ndani ya jedwali. Tangazo la kikao cha kutoa maoni nililiona pia, ila siku yake ilikuwa imeshapita. Nilipomweleza, aliniuliza, "Sasa mwanangu, mimi waliniuliza lini?" Sikuwa na jibu.

Watetezi wa tovuti hizi watadai kwamba mswada uliwekwa wazi. Hata hivyo, kuweka wazi si kueleza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kumnyima mwuza mboga mswada kwa lugha hiyo ni kumfungia mlango uliofunguliwa na Katiba yenyewe.

Kwa maoni yangu, kila mswada uambatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, unaosomeka kwenye rununu na kutangazwa mapema pamoja na tarehe na mahali pa kikao. Baada ya kikao, tovuti ieleze ni maoni gani yaliyokubaliwa, yapi yalikataliwa, na kwa nini.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tusijivue lawama. Darasani tunatafsiri hadithi na mashairi; ni wangapi wetu wamewahi kutafsiri bajeti ya wadi yao? Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Basi serikali nayo imwulize mwananchi kwa lugha anayoielewa.